Ugunduzi wa Kanuni Fiche katika Michezo ya Mtandaoni: Mfano wa World of Warcraft

Utangulizi

Katika mchezo wa bao, hakuna kinachofichwa ila nia ya mpinzani. Mashimo 32 yako wazi, kete 64 zinahesabika, na sheria za kunamua na za mtaji zinajulikana kwa kila aketiye barazani. Anayeshindwa huwa ameshindwa kwa kutoliona lililokuwa mbele ya macho yake. Si hivyo katika michezo mingi ya tarakilishi inayochezwa kupitia mtandao. Humo mchezaji hupewa silaha, deraya na orodha ndefu ya sifa zilizoandikwa kwa tarakimu, lakini haelezwi tarakimu hizo zinafanya kazi vipi. Programu ndiyo inayotupa dadu, ndiyo inayojumlisha, na ndiyo inayotangaza matokeo. Kanuni yenyewe hubaki katika seva za kampuni iliyoutunga mchezo.

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi wachezaji wa kawaida, wasio na ruhusa ya kuiona programu hiyo, walivyozifichua kanuni zake kwa kupima na kuhesabu, na jinsi ufichuzi huo ulivyoubadilisha mchezo wenyewe. Mfano unaotumiwa ni World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard Entertainment uliozinduliwa Amerika ya Kaskazini mnamo Novemba 2004. Mchezo huu umeteuliwa kwa sababu wachezaji wake waliifanya shughuli hii ya upimaji kuwa takriban taaluma kamili, yenye istilahi zake, mabishano yake na masharti yake ya ushahidi.

Kwa msomaji asiyeufahamu, itoshe kusema kuwa mchezaji humwongoza mhusika mmoja katika ulimwengu wa kubuni unaokaliwa na maelfu ya wachezaji wengine kwa wakati mmoja. Mhusika huyo hupanda ngazi kwa kupigana na kutimiza kazi mbalimbali. Katika toleo la kwanza ngazi ya juu kabisa ilikuwa ya 60. Aliyeifikia aliweza kujiunga na kikosi cha watu 40 kuingia katika mapango kama Molten Core, kupambana na maadui wakuu ambao mtu mmoja au watano hawawezi hata kuwakwaruza.

Swali la asilimia moja

Adui mkuu hakuandikiwa ngazi yake. Mahali pa tarakimu paliwekwa picha ya fuvu. Hata hivyo wachezaji walikuja kubaini kuwa alihesabiwa kama wa ngazi ya 63, yaani ngazi tatu juu ya mchezaji aliyefika kilele. Tofauti hiyo ya ngazi tatu ndiyo chanzo cha hesabu nyingi zinazofuata.

Mojawapo ya sifa za mhusika ni ile inayoweza kuitwa ulengaji. Bila sifa hii, baadhi ya mapigo ya upanga humkosa adui, na kadiri ngazi ya adui inavyozidi ya mpigaji ndivyo mapigo mengi zaidi yanavyopotea. Swali lililozuka ni hili: mpiganaji wa ngazi ya 60 anahitaji ulengaji wa asilimia ngapi ili pigo lake lisimkose kamwe adui wa ngazi ya 63? Walikuwapo waliosema 8 na waliosema 9.

Kwa mtu wa nje, ugomvi juu ya asilimia moja ni sawa na ugomvi juu ya kivuli. Lakini kila kipande cha deraya kina nafasi chache za sifa. Kinachoongeza ulengaji aghalabu hupunguza nguvu, na kinachoongeza nguvu hupunguza ulengaji. Mwenye ulengaji pungufu anapoteza mapigo, na mwenye ulengaji wa ziada anabeba mzigo usiomfaa kitu huku akiwa ameacha nguvu ambayo ingemfaa. Watu walikuwa wakisubiri majuma kadhaa kupata mkufu mmoja. Kujua kikomo kilipo kulikuwa na thamani kubwa kwao.

Uvumi na ushahidi

Mahali ambapo kanuni imefichwa, uvumi hauchelewi kuota mizizi. Mfano maarufu ni wa joka Onyxia, ambaye mara kwa mara hupaa na kulitemea pango zima moto unaoweza kukiangamiza kikosi. Ni nini kinachomchochea? Kila kikosi kilikuwa na jibu lake: wapo waliolaumu aina fulani ya uchawi, wapo waliolaumu mahali watu waliposimama, na kila jibu lilikuwa na mashahidi walioapa kuwa wameona kwa macho yao. Vivyo hivyo kulikuwa na imani kwamba mtu wa kwanza kuingia pangoni ndiye anayeamua hazina gani itapatikana humo. Akili ya binadamu haipendi kukiri kuwa jambo limetokea kwa bahati nasibu. Husaka sababu, na isipoipata huibuni.

Dawa ya uvumi ilikuwa daftari. Mchezo wenyewe huweza kuandika kila tukio la pambano katika faili: nani amempiga nani, kwa pigo gani, kwa dhara kiasi gani, au kama pigo limekosa. Wachezaji wenye ujuzi wa tarakilishi walitunga programu za kuyasoma mafaili hayo na kuyahesabu. Kundi la wachezaji lililojiita Elitist Jerks lilipata sifa, na lawama pia, kwa kuendesha mijadala ambamo dai lisilo na hesabu halikuvumiliwa.

Utaratibu wao hautakuwa mgeni kwa mwanafunzi wa isimu. Mzungumzaji mzawa wa Kiswahili husema anakula, amekula na atakula, lakini husema akila, hula na ale, na hakosei hata siku moja. Akiulizwa ni kwa nini kiambishi ku- kimebaki katika maneno ya kwanza na kutoweka katika ya pili, yamkini atacheka tu. Kanuni anayo, lakini hawezi kuikabidhi. Mtafiti hana budi kushikilia kitenzi kilekile na nafsi ileile, abadilishe kitu kimoja pekee, yaani njeo au hali, kisha atazame kilichotokea. Mpimaji wa mchezo alifanya vivyo hivyo: upanga uleule, adui yuleyule, mahali palepale pa kusimama, na badiliko moja tu katika deraya.

Tofauti ni kwamba mzungumzaji hatupi dadu, ilhali programu hutupa. Hapa ndipo ugumu ulipo. Mapigo 1,000 yakipigwa na uwezekano wa kukosa ukiwa asilimia 9, matarajio ni kukosa mara 90. Hata hivyo kwa bahati tu idadi hiyo inaweza kuwa popote kati ya 72 na 108. Kama uwezekano ni asilimia 8, matarajio ni 80, na idadi inaweza kuwa popote kati ya 63 na 97. Aliyehesabu makosa 85 hajathibitisha lolote, ijapokuwa mapigo 1,000 yanaonekana mengi. Itabidi afike takribani mapigo 20,000 ili makadirio hayo mawili yaachane bila shaka: yale ya asilimia 9 yatakuwa kati ya 1,719 na 1,881, na yale ya asilimia 8 kati ya 1,523 na 1,677. Kwa upanga unaopiga mara moja kila baada ya sekunde mbili, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa 11 bila kupumzika.

Tena adui mkuu hakai saa 11. Hufa baada ya dakika chache, au huwaua wanaompima. Sanamu za kufanyia mazoezi hazikuwekwa katika miji ya mchezo hadi 2008. Kabla ya hapo, njia pekee ilikuwa kukusanya madaftari ya vikosi vingi na kuyaunganisha. Elimu hii, kwa hiyo, haikuweza kuwa mali ya mtu mmoja hata kama angetaka. Mtu anaweza kuuliza iwapo huu bado ni mchezo au ni ajira isiyo na mshahara, na swali hilo si la mzaha.

Dadu moja

Si kila jambo lilihitaji mapigo 20,000. Ugunduzi uliozaa matunda mengi zaidi ulipatikana kwa sampuli ndogo. Watu walitaka kujua iwapo programu hutupa dadu moja kwa kila pigo la kawaida au hutupa mbili, ya kwanza kuamua kama pigo limefika, na ya pili kuamua kama ni pigo maradufu, yaani lile lenye dhara mara mbili.

Achukuliwe mpiganaji mwenye panga mbili anayepigana na adui wa ngazi yake. Mapigo yake hukosa asilimia 24, na skrini inamwambia kuwa uwezekano wake wa pigo maradufu ni asilimia 30. Kama dadu ni mbili, ile asilimia 30 itachukuliwa kutoka kwa mapigo 76 yaliyofika, na katika kila mapigo 100 kutakuwa na maradufu takribani 23. Kama dadu ni moja, kutakuwa na 30 kamili. Pengo la 23 na 30 ni pana, na mapigo mia kadhaa yalitosha kulionyesha. Jibu lilikuwa dadu moja.

Maana yake ni kwamba matokeo yote ya pigo hupangwa katika mkeka mmoja wenye upana wa 100: kukosa, kukwepwa, kupanguliwa, kuparaza, kukingwa kwa ngao, maradufu, na mwishowe pigo la kawaida. Kinachotangulia hula nafasi, na kinachofuata hupata kilichobaki. Nafasi ikiisha, cha mwisho husukumwa nje ya mkeka na hakitokei tena.

Waliofaidika zaidi na maarifa haya ni wabeba ngao, wale wanaosimama mbele ya adui mkuu ili wengine wasipigwe. Adui wa ngazi ya 63 aliweza kumpiga mbeba ngao pigo maradufu kwa uwezekano wa asilimia 5, na tofauti ya ngazi tatu ikaongeza 0.6. Kila nukta moja ya sifa ya kujihami iliondoa asilimia 0.04. Ili kuifuta 5.6 yote zilihitajika nukta 140. Mchezaji wa ngazi ya 60 alikuwa na nukta 300 za asili, kwa hiyo kikomo kilikuwa 440. Ngazi ya juu ilipokuwa 70 mwaka wa 2007, kikomo kikawa 490. Ilipokuwa 80 mwaka wa 2008, kikawa 540. Aliyeielewa kanuni hakuwa na haja ya kusubiri kuambiwa, kwa sababu ile 140 haikubadilika. Mwenye 439 naye alikuwa hatarini kwa kiasi kidogo sana. Lakini pigo moja tu kama hilo, likimjia wakati matabibu wameelekeza macho kwingine, lilitosha kuwaangusha watu 40.

Lilikuwapo pia pigo la kuponda, lenye dhara mara moja na nusu, ambalo adui mkuu alikuwa na uwezekano wa asilimia 15 wa kulipiga. Halikuweza kupunguzwa na sifa yoyote. Lakini liliweza kusukumwa nje ya mkeka. Kama uwezekano wa kukosa, kukwepa, kupangua na kukinga ukijumlishwa unafika 102.4, pigo la kuponda hukosa mahali pa kukaa. Kwa nini 102.4 na si 100? Kwa sababu skrini huonyesha uwezekano dhidi ya adui wa ngazi sawa, na adui aliyezidi kwa ngazi tatu huondoa 0.6 katika kila moja ya sifa hizo nne. Hakuna mahali popote katika mchezo palipoandikwa tarakimu hiyo. Ilitokana na kalamu na karatasi, na mbeba ngao aliyeinua ngao yake kwa wakati ufaao, mbinu iliyomwongezea asilimia 75 za kukinga kwa muda mfupi, aliitegemea kama nahodha anavyotegemea dira.

Deraya na udanganyifu wa asilimia

Kanuni ya deraya ni rahisi kuiandika. Sehemu ya dhara inayozuiliwa ni deraya ikigawanywa kwa jumla ya deraya, 400, na ngazi ya mpigaji iliyozidishwa kwa 85. Dhidi ya mpigaji wa ngazi ya 60, nyongeza hiyo ni 5,500. Kwa hiyo deraya ya 5,500 huzuia nusu ya dhara, ya 11,000 huzuia theluthi mbili, na ya 16,500 huzuia robo tatu. Hapo asilimia 75 ndiyo kikomo, na deraya inayozidi ni chuma kitupu.

Wengi walipoitazama safu hiyo, 50, kisha 67, kisha 75, walihitimisha kuwa deraya hupungua thamani kadiri inavyoongezwa, na kwamba hakuna haja ya kuitafuta sana. Hitimisho hilo lilikuwa na makosa. Anayezuia nusu ya dhara huishi mara mbili ya asiye na deraya. Anayezuia theluthi mbili huishi mara tatu, na anayezuia robo tatu huishi mara nne. Kila 5,500 huongeza uhai uleule, mpaka kwenye kikomo. Asilimia ndiyo iliyopinda, faida imenyooka. Pengine hakuna somo la hesabu lililoeleweka na vijana wengi hivyo bila mwalimu wala mtihani.

Kuhusu istilahi

Vikomo hivi si vya aina moja, na Kiswahili kinahitaji kuvitofautisha. Kikomo cha deraya ni ukuta: kikipita, hakuna kinachoongezeka. Ulengaji wa mwenye panga mbili ni jambo tofauti. Akiufikia ule wa kwanza, mapigo yake maalumu hayakosi tena, lakini mapigo ya kawaida yana adhabu ya ziada ya asilimia 19 kwa kubeba panga mbili, kwa hiyo ulengaji unaendelea kumfaa, ila kwa kiasi kidogo. Cha kwanza kinafaa kuitwa kikomo, na cha pili kizingiti, kwa kuwa kizingiti huvukwa na safari ikaendelea ndani ya nyumba. Kuviita vyote viwili kikomo ndiko kulikozaa nusu ya mabishano ya wachezaji, kwani mmoja alizungumzia ukuta na mwenzake akasikia mlango.

Maarifa yaligeuka lango

Ni jambo la kusifiwa kwamba matokeo ya vipimo hivi yaliandikwa hadharani, bila malipo. Mchezaji mgeni aliweza kujifunza kwa jioni moja yale yaliyowachukua wengine miezi. Lakini tarakimu ikisafiri peke yake, bila masharti yake, huwa amri. Wengi walijua kusema 440 au 9 bila kujua zimetoka wapi wala zinamhusu nani, kama vile mwanafunzi anayekariri jedwali la ngeli na kushangaa anapokutana na neno lisilomo.

Kilele cha hali hii kilikuwa kati ya 2008 na 2010, zama za toleo la Wrath of the Lich King, ilipoenea programu ndogo iliyoitwa GearScore. Iliyafupisha mavazi yote ya mchezaji kuwa tarakimu moja. Viongozi wa vikosi wakawa wanatangaza kiwango, na asiyekifikia hakupokelewa. Ajabu ni kwamba tarakimu hiyo ilipima ubora wa jumla wa vifaa, haikupima kama vinamfaa aliyevivaa. Aliyepanga vikomo vyake kwa uangalifu aliweza kukataliwa, na aliyejivalia ovyo vitu vya thamani akakaribishwa. Shughuli iliyoanza kwa kukataa madai yasiyo na ushahidi ikawa imezaa kipimo ambacho watu walikiamini bila kukihoji.

Wabunifu nao hawakukaa kimya. Kila kikomo kilipojulikana, mavazi yaligawanyika kuwa sahihi na makosa, na uchaguzi ukatoweka. Toleo la Cataclysm la 2010 liliondoa sifa ya kujihami, na mwaka wa 2014, katika maandalizi ya Warlords of Draenor, ulengaji ulifutwa kabisa katika mavazi. Kanuni iliyofichuliwa ikawa haina haja ya kuwepo.

Mnamo Agosti 2019 Blizzard ilirudisha mchezo wa zamani kwa jina la World of Warcraft Classic. Katika mchezo wa awali, Ragnaros, adui wa mwisho wa Molten Core, aliuawa kwa mara ya kwanza Aprili 2005, miezi mitano baada ya uzinduzi. Katika Classic aliuawa kabla ya wiki moja kwisha, na baadhi ya waliokuwa kikosini walikuwa hawajafika hata ngazi ya 60. Ni kweli kuwa uwezo wa wahusika ulikuwa wa toleo la mwisho la zama hizo, lenye nguvu zaidi, na wengi walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka katika seva zisizo rasmi. Hata hivyo panga zilikuwa zilezile na joto la pango lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka zaidi ni kujua.

Na katika mwaka huohuo swali la 8 na 9 likapata jibu kutoka kwa kampuni yenyewe. Mpiganaji wa ngazi ya 60 mwenye ustadi wa kawaida wa silaha, yaani 300, humkosa adui wa ngazi ya 63 kwa asilimia 8. Lakini pengo kati ya ustadi wake na kujihami kwa adui likizidi 10, sehemu ya ulengaji wa mavazi hufutwa, na katika pengo hili la 15 inayofutwa ni asilimia moja. Aliyepima bila mavazi ya ulengaji aliona 8. Aliyevaa 8 akaendelea kukosa alisema 9. Wote wawili walikuwa wamehesabu sawasawa. Binadamu wa mchezo huo, ambao huzaliwa na nukta tano za ziada za ustadi wa upanga, walihitaji 6 tu.